Je, Wajua? Shule ya Litowa

Ukipita Matogoro, pale Songea penye milima inayouzaa mto Ruvuma, utakikuta chuo cha ualimu. Huko walimu hufundishwa leo kumweka mtoto katikati ya somo. Wajua kwamba Songea hiyohiyo ilishalijaribu jambo hilo miaka ya 1960?

Ilikuwa Litowa, kijiji cha ujamaa cha Chama cha Maendeleo Ruvuma. Mwalimu mkuu, Suleman Toroka, hakuwaandaa watoto kwa ajili ya mtihani tu. Walilima, na shamba likawa darasa: jembe asubuhi, daftari baadaye. Mambo mengi ya shule waliyajadili na kuyaamua wenyewe. Mmarekani Kate Wenner, aliyeishi nao, alikiita kitabu chake cha mwaka 1970 kwa Kiswahili: Shamba Letu. Si "shamba la mwalimu", kama wengi wetu tulivyolijua tulipokuwa shuleni!

Rais Nyerere alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, Litowa ilikuwa tayari inalima na kusoma.

Septemba 1969, chama tawala, TANU, kikakivunja Chama cha Maendeleo Ruvuma. Walimu wa Litowa wakahamishiwa kwingine.