Macho hukimbia kwenye kioo cha kompyuta

Wafanyabiashara wanaovuka Vurra kwenda Ariwara, au Oraba kwenda Kaya, siku hizi hupata karatasi zao kwenye kioo cha kompyuta au cha simu: bei, fomu za forodha, masharti ya mkopo. Wengi hapa Pajulu ni watu waliorejea kutoka uhamishoni kama mimi, na kusoma wanajua. Ila wanachosoma kwenye kioo hakikai.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 2018 Pablo Delgado wa Hispania na wenzake walikusanya tafiti 54 zilizohusu watu zaidi ya 170,000. Waliona kwamba msomaji wa karatasi huelewa zaidi kuliko msomaji wa kioo, hasa anaposoma maelezo na si hadithi, na hasa akiwa na haraka. Tofauti si kubwa, lakini ipo. Mwaka 2006 Jakob Nielsen alionyesha kuwa macho kwenye ukurasa wa intaneti hufuata umbo la herufi F: mistari ya juu husomwa, ya chini huchunguliwa upande wa kushoto tu. Je, ndugu msomaji, masharti ya malipo huandikwa wapi?

Haraka nayo twaijua. Kompyuta ya kukodi hulipiwa kwa dakika, na lori linapiga honi.

Shule ya msingi niliisoma Zaire. Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Sisi tulinakili ubaoni. Tulinung'unika, lakini mkono ulilazimisha jicho kwenda polepole. Dawa hiyo ndiyo ninayowapa watu wazima wanaonijia jioni. Kuza herufi. Shuka kwanza hadi mwisho wa waraka uone urefu wake, ndipo urudi juu. Soma kwa sauti. Kila tarakimu, tarehe au neno "isipokuwa", liandike daftarini. Kisha funika kioo, umweleze mwenzako kwa Kilugbara au Kikakwa ulichosoma. Ukikwama, rudi hapo hapo.

Mama mmoja muuza maharagwe alilikataa daftari, eti linamchelewesha. Tulisoma naye masharti ya mkopo kwenye simu. Mara ya kwanza aliniambia riba ni asilimia 10. Alipoandika ndipo akayaona maneno yaliyofuata: kwa mwezi.

Waraka wa kutia saini, mimi humwambia mtu aende Arua mjini akauchapishe kwenye karatasi kwanza.