KARTE YA MTANDAO NA PILOTI YAKE: NAMNA YA KUIPANGA IENDE MBIO



Mara nyingi doayeni akiandika katika gazeti letu hili, ni juu ya usafi wa majumba ya kulala ao juu ya wale wanaochelewa kengele. Safari hii naomba nafasi kidogo niseme juu ya mashini za chumba cha informatike.

Ninyi wote munakumbuka magumu ya muhula uliopita. Sisi finalisti tulikuwa na saa mbili tu za kirupu kila jioni. Tulitaka kila ordinatere ipate dosie ya mazoezi ya Mtihani wa Serikali kutoka kwa serveri. Jioni mbili mafuta yaliisha na kazi haijafika hata nusu. Munakumbuka pia kwamba ni mimi niliyewashitaki wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa Bwana Prefe, nikisema wamevuta waya na kuziharibu. Wakakatazwa kuingia chumba kile juma nzima. Basi, leo nitaeleza ni kitu gani kilichokuwa kimeharibika. Haukuwa waya.

1. KARTE NI NINI, NA PILOTI NI NINI?

Ndani ya kila ordinatere kuna karte ya mtandao. Ni pale unapochomeka ule waya wenye kichwa cha plastiki. Kazi yake ni kutoa habari na kuzipokea. Habari haziendi zote mara moja kama maji ya mto, zinakatwa vipande vidogo-vidogo vinavyoitwa paketi. Paketi ya kawaida inabeba mpaka bayiti 1500.

Karte peke yake haijui kusemezana na ordinatere. Inahitaji programu ya kuiongoza, nayo ndiyo tunayoita piloti. Ukitaka kujua piloti ya serveri yetu ya Linux, andika ethtool -i na jina la karte, kwa mfano ethtool -i eth0. Mashini itakujibu jina la piloti na namba yake.

Namna hii ya kuunganisha mashini inaitwa Ethernet. Robert Metcalfe na David Boggs waliianzisha katika Marekani mwaka 1973, pale Xerox. Wakati ule mbio yake ilikuwa karibu megabiti 3 kwa segonde. Katika mwaka 1995 ikafika 100, katika 1998 ikafika 1000, maana yake gigabiti 1, na katika 2002 ikafika gigabiti 10. Karte ya serveri yetu ni ya gigabiti 1.

2. HESABU YA JIONI MOJA

Tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu mtu anabaki kulaumu wenzake tu.

Tuko na ordinatere 20, na dosie ina gigabayiti 2. Kwa hiyo serveri inapashwa kutoa gigabayiti 40. Kwa mbio ya gigabiti 1, ukisha kuondoa zile bayiti za anwani na za nafasi kati ya paketi, zinabaki karibu megabayiti 118 kwa segonde. Gawanya: ni karibu dakika 6, kama diski nayo inaweza kufuata. Kwa mbio ya megabiti 100 ni mara kumi, yaani karibu dakika 57. Hata hivyo saa mbili za kirupu zingetosha na kubaki.

Lakini jioni ile tuliona kwenye ekra chini ya megabayiti 1 kwa segonde, kwa mashini zote pamoja. Kwa mwendo ule ilihitaji zaidi ya saa 11. Hapo ndipo nilikasirika na kuandika barua kwa Bwana Prefe.

3. FONI NA TELEFONI

Wazee wetu wanajua foni ya misioni. Mmoja anasema, mwingine ananyamaza. Akimaliza, ndipo mwenzake anajibu. Wakisema wote wawili pamoja hakuna anayesikia. Telefoni haiko hivyo: wote wawili wanaweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja.

Karte za mtandao nazo ziko na namna hizi mbili. Ya kwanza inaitwa nusu-dupleksi, kama foni. Ya pili inaitwa dupleksi nzima, kama telefoni. Ukichomeka waya, karte na switchi, ile sanduku inayounganisha waya zote, zinaulizana kwanza: wewe unaweza mbio gani? Unaweza kusema na kusikia pamoja? Zinachagua ile iliyo bora ambayo zote mbili zinaiweza. Mapatano haya yanafanyika yenyewe, pasipo mtu kuyagusa.

Sasa sikieni kosa langu. Mwanzoni mwa muhula waya mmoja wa zamani ulikuwa unakatika-katika. Mtu fulani wa mjini alinishauri: "Lazimisha karte kwa 100, dupleksi nzima, utapumzika." Nikafanya hivyo. Nikaandika amri ile katika fishie ya kuanzisha mashini, ili irudi kila mara tunapowasha. Kisha tukapata waya mpya, nikaubadilisha, na ile amri nikaisahau. Sikumwambia mtu.

Ni nini kilichotokea? Karte iliyolazimishwa ilinyamaza, haikufanya tena mapatano. Switchi ikauliza, haikupata jibu. Inaweza kutambua mbio ya 100 kwa kusikiliza alama za umeme tu, lakini dupleksi haiwezi kuitambua namna ile. Kwa kanuni, ikikosa jibu inachukua nusu-dupleksi. Basi serveri ikasema kama mtu wa telefoni, na switchi ikasikiliza kama mtu wa foni. Kila mara zote mbili ziliposema pamoja, switchi ilizania ni mgongano, ikakata paketi yake katikati na kuanza tena. Serveri ikapokea vipande vilivyokatika, ikavitupa.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba unajificha. Ukituma neno dogo linapita vizuri. Ukifungua ukurasa mmoja unafunguka. Ni kazi nzito tu, mashini 20 pamoja, inayoonyesha kidonda. Ndiyo sababu majuma mawili sikuona kitu, na nilipoona nikazania ni jambo jipya lililofanywa na wadogo wetu.

4. TUULIZE MASHINI YENYEWE

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, dada mdogo, alikuja kwangu baada ya ibada ya jioni. Aliniambia kwa heshima: "Yaya Doayeni, mbele ya kutuazibu, hatuwezi kwanza kuuliza mashini yenyewe?" Nilitaka kumfukuza. Lakini mwalimu wetu wa informatike alikuwa karibu, akasema: "Huyu mtoto anasema kweli. Fungua."

Tuliandika ethtool eth0. Mashini ikaonyesha: mbio 100, dupleksi nzima, mapatano yamefungwa. Tukaandika ethtool -S eth0, amri inayoonyesha hesabu ya mambo yote karte iliyoyapata. Pale kwenye rx_crc_errors, yaani paketi zilizofika zikiwa zimeharibika, namba ilikuwa inapanda huku tunaitazama. Bwana Mwalimu aliniangalia, hakusema neno. Nilijua ni nani aliyeandika ile amri.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: ethtool -s eth0 autoneg on. Halafu nikafuta ile amri yangu ya zamani katika fishie. Mapatano yakafanyika, mbio ikapanda kwa 1000. Kwa waya wa shaba, gigabiti 1 haiwezi kufanya kazi bila mapatano, na inatumia nyuzi zote 8 za waya. Kama uzi mmoja umekatika ndani, mara nyingi mbio inaanguka kwa 100, ambayo inatumia nyuzi 4 tu, ao inakosa kabisa. Kwa hiyo kama karte yako ni ya 1000 na unaona 100, kwanza badilisha waya. Usilazimishe.

5. BANKI YA ZAMU NA KENGELE YAKE

Kisha karte na switchi kupatana, kuna mambo mengine mawili unayoweza kupanga katika piloti. Nitayaeleza kwa mfano wa mlango wetu wa shule.

Wageni wanafika kwa zamu. Pembeni kuna banki ya kukalia. Kama banki ni fupi na wageni wanakuja wengi mara moja, wengine wanarudishwa. Karte nayo iko na banki yake, ambapo paketi zinangoja mpaka ordinatere izichukue. Amri ethtool -g eth0 inaonyesha urefu wa banki na kipimo cha mwisho. Kwa karte za Intel zenye piloti e1000e, inaanza na nafasi 256 na inaweza kufika 4096. Ukiona katika hesabu kwamba rx_missed_errors ao rx_no_buffer_count inapanda, banki ni fupi. Andika ethtool -G eth0 rx 1024, kisha angalia tena. Kama namba hizo hazipandi, acha banki kama ilivyo: banki ndefu bila sababu inafanya wageni wangoje tu.

Jambo la pili ni kengele. Kama zamu anapiga kengele kwa kila mgeni mmoja, Bwana Prefe hatafanya kazi nyingine tena, atakuwa anasimama na kukaa tu. Ni afazali zamu angoje kidogo, akusanye wageni wachache, apige mara moja. Kwa gigabiti 1, paketi kubwa zinafika karibu 81 000 kwa segonde, moja kila mikrosegonde 12. Kwa gigabiti 10 zinafika karibu 812 000, na zikiwa ndogo kabisa zinapita milioni 14. Hakuna ordinatere inayopenda kukatizwa kazi mara milioni 14 kwa segonde moja.

Kwa hiyo piloti inakusanya. Amri ethtool -C eth0 rx-usecs 50 inaambia karte: ngoja mikrosegonde 50 kati ya kengele na kengele. Hapo kengele hazitapita 20 000 kwa segonde. Kuna bei yake: paketi ya kwanza inachelewa kidogo. Kwa kunakili dosie kubwa, kuchelewa huku si kitu. Kwa kazi inayotaka jibu la upesi sana, unapunguza namba. Piloti nyingi za leo zinajua kujipimia zenyewe, na sisi tuliziacha hivyo.

Wengine watauliza juu ya paketi kubwa za bayiti 9000. Ni kweli zinapunguza kazi, kwa sababu paketi moja inachukua mzigo wa sita. Lakini inafaa karte zote na switchi zote za mtandao ule zizikubali. Moja ikikataa, paketi zinapotea njiani. Mashini zetu zimetoka kwa watu mbalimbali na miaka mbalimbali. Tulibaki na 1500.

6. MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, pima mbele ya kugusa. Andika mbio unayoiona.

Pili, angalia waya na mapatano mbele ya yote. Banki na kengele haziwezi kuponya mapatano mabaya.

Tatu, badilisha kitu kimoja tu, kisha pima tena. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja, hautajua ni kipi kilichosaidia na kipi kilichoharibu.

Ine, ujue kwamba amri za ethtool zinapotea ukizima mashini, isipokuwa umeziandika katika fishie ya kuanzisha. Na kama umeziandika pale, ziandike pia katika kaye, pamoja na tarehe, jina lako na sababu. Sasa kaye ile inakaa juu ya meza ya serveri, imefungwa kwa kamba. Mstari wa kwanza ni wa kosa langu, nimeuandika kwa mkono wangu.

Jioni iliyofuata tulinakili dosie kwa mashini zote 20 kwa dakika 11. Haikuwa 6 kama katika hesabu, kwa sababu diski ya serveri ni ya zamani. Lakini mafuta yalibaki, na Bwana Prefe aliturudishia saa moja ya kusoma.

Mwisho, wanafunzi wa mwaka wa tatu. Bwana Prefe alifuta azabu yenu siku ile ile niliyomwambia ukweli, lakini juma lenu lilikuwa limekwisha kupotea, na mimi siwezi kulirudisha. Nilishitaki watu kwa jambo ambalo amri moja ya maneno mawili ingelionyesha. Niliomba msamaha mbele ya darasa lenu, na sasa ninaomba mbele ya shule nzima. Tena nimemwomba Bwana Mwalimu kwamba, sisi finalisti tukisha kwenda, ufunguo wa chumba ushikwe na yule dada mdogo aliyesema tuulize mashini. Amekubali.

Ni mimi, doayeni wenu,
mwaka wa sita, Hesabu-Fizike.