Usitupe pedali ya gitaa kabla hujaifungua

Ndani ya pedali ya fazi, kile kisanduku cha kukanyaga kinachofanya gitaa likwaruze, kuna kitu ambacho Bukavu inakijua vizuri: bati. Limo kwenye lehemu inayoshika vipuri. Mawe ya bati huchimbwa Kivu Kusini, na mengi husafirishwa nje yakiwa ghafi, kisha hurudi yakiwa bidhaa ghali. Ndiyo maana mpiga gitaa anayejua kulehemu ana faida: hanunui pedali mpya kila sauti inapomchukiza.

Chukua Fuzz Face, iliyotoka Uingereza mwaka 1966. Ina transista mbili tu na betri ya volti 9. Sauti ikikatikakatika, pima kwa multimita kolekta ya transista ya pili. Mafundi wengi hulenga volti 4.5, yaani nusu ya betri. Ikiwa mbali na hapo, ng'oa rizista ya kiloomu 8.2 inayolisha kolekta hiyo, weka ya kuzungushwa kwa bisibisi, uisogeze polepole huku ukisikiliza. Besi ikizidi, weka kapasita ndogo zaidi mlangoni mwa sauti. Kama transista ni za jermaniamu, pima tena jua likiwaka, kwa sababu joto huzibadilisha.

Kinshasa, kundi la Konono Nº1 lilipiga likembe kupitia maikrofoni lilizojiundia kwa sumaku za vipuri vya magari. Mkwaruzo huo ulisikika duniani kupitia albamu ya Congotronics, mwaka 2004. Haukununuliwa dukani.