Sebene imeingia kanisani, na libanga je?

Vijana wanaopiga gitaa katika makanisa yetu ya Kindu walizaliwa miaka mingi baada ya orkestra Zaïko Langa Langa kuanza. Hata hivyo, wimbo wa sifa unapofika katikati, waimbaji wakanyamaza, gitaa la solo likashika njia na akina mama wakaanza kuzunguka na vitambaa, tunachosikia ni urithi wake. Wazee wengine wanasema huo ni muziki wa dunia. Tueleze basi ulikotoka.

Zaïko ilianzishwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Nyoka Longo alikuwamo tangu mwanzo; Papa Wemba naye aliimba humo kabla ya kutoka mwaka wa 1974. Orkestra za wakubwa wakati ule zilikuwa na tarumbeta na saksafoni. Vijana hawa waliziacha, wakatanguliza gitaa na ngoma. Mdundo wao unaitwa cavacha, na husimuliwa kwamba mpiga ngoma Meridjo Belobi aliupata kwa kusikiliza mwendo wa treni. Sisi wa Kindu, mji wa reli na mto, hatuoni ajabu katika hilo.

Katika konseti wimbo una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, yenye maneno, watu wakisikiliza. Ya pili ni sebene: gitaa zinarudia-rudia, watu wanainuka. Kwenye sahani sebene ina kipimo chake, lakini jukwaani inarefushwa kadiri watu wanavyocheza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaïko ikamwingiza atalaku, mtu ambaye kazi yake ni kupaza sauti, kutaja mitindo ya kucheza na kuwaamsha waliochoka. Jina hilo linatoka katika Kikongo, kama kusema “tazama hapa”. Kayamba lake mara nyingi lilitengenezwa kwa kopo la dawa ya kuua wadudu.

Pamoja na mitindo, mikro ilitupa pia majina. Kwa Kilingala libanga ni jiwe, na “kutupa libanga” ni kumtaja mtu ndani ya wimbo. Mara nyingi aliyetajwa amelipa, au anatazamiwa kulipa. Anapanda jukwaani na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, watu wote wakiona. Hatuwalaumu wanamuziki. Katika nchi yetu kuuza sahani hakujawahi kulisha wengi.

Kwa sebene yenyewe hatuna ugomvi. Zaburi ya 150 inataja vinanda, matari na kucheza, na haiulizi mdundo ulizaliwa mtaa gani. Lakini kwaya inapomtaja mheshimiwa aliyetoa jenereta, naye akaja mbele na noti mkononi huku vigelegele vikipigwa, hapo libanga limeingia ibadani. Mama aliyeuza sombe wiki nzima amepita kwenye kapu na franka 500, na hakuna aliyemtaja. Yesu, katika Marko 12, aliketi kuielekea sanduku la sadaka akamwona mjane yule yule ambaye mikro zetu hazimwoni. Yakobo naye, katika sura ya 2, anakemea kumpa tajiri kiti kizuri.

Tena kuna jambo ambalo hatulisemi sana: wasio na kitu cha kuonyesha wanaona aibu, na siku ya sherehe wengine wanabaki nyumbani.

Kabla ya sikukuu ya mavuno, viongozi wa kwaya wakae na mwekahazina. Shukrani kwa wafadhili zisomwe katika ripoti, pamoja na za waliotoa mihogo, mchele na mafuta ya mawese, bila kuanza na mwenye kiasi kikubwa. Mwenye mikro aachiwe kazi ya kuamsha watu wacheze mbele za Bwana, na sebene iendelee.