Mashine ya kuchanja kuni Ufipa: hesabu kwanza, chuma baadaye

WAUZAJI wa kuni wa Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa Ufipa wanaotaka kuweka shoka chini na kununua mashine ya kuchanja magogo, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei. Swali hilo lilipaswa kuwa la mwisho. La kwanza ni magogo kiasi gani yatapita kwenye mashine hiyo kwa mwaka. La pili ni injini itafanya kazi gani siku ambayo hakuna magogo. Mwenye majibu ya maswali hayo mawili anaweza kupata faida. Anayeyaruka huishia na chuma kizito kinachoota kutu uani.

Magogo ya aina gani

Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa ni nyasi, si misitu. Hali hiyo si ya jana. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu zilizoitwa malungu, na tanuru hizo zilikula mkaa mwingi hadi zilipozimwa katika karne ya 20. Msitu wa Milima ya Mbizi, jirani na mji, ni hifadhi na chanzo cha maji, na si mahali pa kutafutia kuni za biashara. Mapori ya miyombo yako kwenye miteremko ya kushukia Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayetaka mali ya uhakika hutegemea miti ya kupandwa, hasa mikaratusi na misindano. Mkaratusi uliokatwa karibuni hupasuka kwa urahisi kwa sababu nyuzi zake zimenyooka. Ukiachwa ukauke ukiwa gogo zima, unakuwa mgumu. Msindano ni laini, lakini kwenye vifundo vya matawi hubana kabari. Miyombo na visiki vya mkaratusi vina nyuzi zilizosokotana, na hapo ndipo shoka linaposhindwa na mashine inapoonyesha thamani yake.

Kuni za kutoka shamba la mtu binafsi nazo zina taratibu zake. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inasimamia uvunaji na usafirishaji, na gari lililobeba mazao ya misitu bila hati ya kusafirishia, maarufu kama TP, linaweza kuzuiwa njiani. Gharama ya vibali iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Tani zinatoka wapi

Mashine za haidroliki hutajwa kwa tani: tani 10, tani 16, tani 25. Mnunuzi asitosheke na namba iliyobandikwa ubavuni, kwani anaweza kuikokotoa mwenyewe. Nguvu ya kusukuma ni eneo la pistoni mara presha ya oili. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 ina pistoni ya eneo la sentimita za mraba 78.5. Kwa presha ya kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba, inasukuma kilo 15,700, yaani karibu tani 16. Silinda ya sentimita 8 kwa presha hiyo hiyo inatoa tani 10, na ya sentimita 12.5 inatoa tani 24 na nusu. Geji nyingi huandikwa kwa bar, na bar moja inakaribia kilo moja kwa sentimita ya mraba.

Kwa mkaratusi mbichi na msindano wa unene wa kawaida, tani 10 hadi 16 zinatosha. Tani 25 ni za anayenunua visiki na miyombo minene. Kulipia tani zisizotumika ni hasara ya aina mbili: bei inakuwa kubwa, na mashine inakuwa nzito kwa mwendo. Silinda ya sentimita 10 yenye mwendo wa sentimita 60 hujazwa na lita 4.7 za oili, hivyo pampu ya lita 40 kwa dakika huisukuma kwa sekunde 7. Silinda ya sentimita 12.5 hutaka lita 7.4, na pampu hiyo hiyo huchukua sekunde 11. Kwa siku nzima ya kazi, tofauti hiyo ni mzigo wa kuni.

Injini hupungukiwa pumzi mlimani

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa nyanda za juu hupotea. Pampu ya hatua moja inayotoa lita 40 kwa dakika kwa presha ya kilo 200 inahitaji injini ya nguvu farasi 20 au zaidi. Dawa yake ni pampu ya hatua mbili. Hii hutoa oili nyingi kwa presha ndogo pistoni inapolifuata gogo, kisha hupunguza oili hadi kiasi cha lita 10 kwa dakika na kupandisha presha kabari inapokutana na ugumu. Pampu ya namna hiyo hutosheka na nguvu farasi 5 na kitu.

Muuzaji wa Dar es Salaam atasema injini ya nguvu farasi 6.5 inatosha, na kwa pwani atakuwa amesema kweli. Lakini Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza kiasi cha asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000, hivyo ikifika Ufipa hubaki na kama nguvu farasi 5.4. Hakuna akiba. Ikizeeka kidogo au chujio la hewa likijaa vumbi, itazimika kila inapokutana na kifundo. Kwa uwanda huu, pampu hiyo ipewe injini ya nguvu farasi 8 au 9.

Asubuhi za Juni na Julai nazo zina madai yake. Baridi huifanya oili kuwa nzito, na pampu inayovuta oili nzito kwa mpira mwembamba humeza hewa na kuharibika. Mpira wa kuvutia uwe mpana na mfupi, tanki liwe la lita 40 au zaidi, na mashine izungushwe dakika kadhaa bila mzigo kabla ya gogo la kwanza.

Kununua au kuunda

Mashine mpya ya kuagiza ina faida ya kuwa na vipimo vinavyolingana na valvu ya usalama iliyokwishapimwa. Tatizo ni spea. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize sili za silinda ni za kipimo gani na kama zinapatikana Mbeya. Barabara ya lami kutoka Tunduma imerahisisha usafirishaji, lakini sili ya kipimo kisichojulikana hata lami haiileti.

Kuunda kunawezekana. Karakana za kuchomelea zipo mjini, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, linaweza kuulizwa ushauri wa michoro na mafundi. Hata hivyo, kuna mitego minne ambayo imewala wengi kwenye chuma chakavu.

Kwanza, jeki ya tipa. Ni ya bei nafuu na ina nguvu, lakini nyingi husukuma upande mmoja tu na kurudi kwa uzito wa bodi. Kwenye mashine ya kuchanja haina cha kuirudisha. Inayotakiwa ni silinda ya kusukuma na kuvuta, kama zile za vijiko na makatapila.

Pili, fimbo ya silinda iliyokwaruzika. Mkwaruzo unaoshikwa na ukucha utakata sili mpya ndani ya muda mfupi.

Tatu, kabari ya springi ya lori. Chuma hicho ni kigumu na hushika makali, lakini kikichomelewa baridi hupasuka kwenye kiungo. Fundi akipashe moto kwanza na kukiacha kipoe polepole.

Nne, boriti nyembamba. Tani 16 zinazolisukuma gogo ndizo tani 16 zinazojaribu kuikunja boriti. Reli au boriti nzito ya umbo la H ndiyo mahali pa kutobania fedha.

Mashine yoyote ya kuundwa iwe na valvu ya kupunguza presha. Bila hiyo, gogo likigoma ni mpira au silinda itakayopasuka.

Hesabu ya kurudisha fedha

Tarakimu zinazofuata ni za mfano, si bei za soko, na kila mmoja aweke zake. Chukua mashine ya Sh 6,000,000 inayotarajiwa kudumu miaka mitano. Kila mwaka inakula Sh 1,200,000 za uchakavu. Ongeza Sh 600,000 za matengenezo, jumla ni Sh 1,800,000 hata kama haikuwashwa. Ikiwa kuchanja mita moja ya ujazo ya rundo kunalipwa Sh 8,000, na mafuta pamoja na vibarua ni Sh 5,000, kinachobaki ni Sh 3,000. Mashine itahitaji kuchanja mita 600 kwa mwaka ili isile mtaji.

Kwa kasi ya mita 5 kwa siku, hizo ni siku 120 za kazi. Kaya inayochoma mita 8 kwa mwaka haiwezi kununua mashine kwa ajili yake yenyewe. Shoka zito, kabari mbili za chuma na nyundo zinaitosha. Lakini kaya 75 za namna hiyo, au kaya chache pamoja na wachoma matofali, zinaijaza mashine moja inayozunguka mtaani kwa miadi.

Faida ya pili imo katika kukausha. Gogo bichi linaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na likiwa zima na gome lake hukauka polepole mno. Likichanjwa na kupangwa juu ya vipande vya miti, mahali penye upepo, hukauka ndani ya kiangazi kimoja. Anayechanja Mei na kuuza kuanzia Novemba, mvua zinapoanza na kuni kavu kuadimika, anauza mali tofauti kabisa na ya jirani yake. Ila fedha yake imelala kwenye rundo kwa miezi sita, na anayetegemea mkopo wa miezi mitatu asijaribu.

Wateja wakubwa wanaondoka

Hatari kubwa kwa mwekezaji imo katika mabadiliko ya soko. Mwaka 2023 Serikali ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Aliyepanga kuiuzia kuni shule ya bweni kwa miaka mitano amepanga juu ya mteja anayeamriwa kuondoka. Kaya za Ufipa zitachelewa zaidi kuhama, kwani gesi hugharimu fedha taslimu na baridi inahitaji moto. Hata hivyo mwelekeo ni mmoja.

Ndiyo sababu mtaji usifungwe kwenye chuma chenye kazi moja. Mwenye pawatila, ambazo zilienea nchini wakati wa Kilimo Kwanza kuanzia mwaka 2009, tayari ana injini ya dizeli ya nguvu farasi 12 hadi 15. Pampu ya haidroliki ikifungwa kwa mkanda, injini hiyo inachanja kuni wakati wa kiangazi na kurudi shambani mvua zikinyesha. Mwenye trekta au injini ya kinu cha kusaga anaweza kufanya vivyo hivyo. Kinachonunuliwa kwa ajili ya kuni pekee ni pampu, silinda, valvu na boriti, na soko likigeuka, pampu na silinda hupata mnunuzi kwenye karakana za mitambo.

Mkono hauna spea

Mendeshaji awe mmoja, na ndiye huyo huyo anayeweka gogo. Ajali nyingi hutokea mmoja anaposhika gogo na mwingine anapovuta wenzo. Wenzo mzuri ni ule unaohitaji mikono yote miwili. Mpira unaovuja usipapaswe kwa kidole, kwani oili ya presha hiyo hupenya ngozi. Tumia kipande cha boksi. Kibarua aliyekatika vidole ni gharama isiyoandikwa kwenye hesabu yoyote hapo juu.

Kwa kifupi, anayeanza awe na wateja wa mita 600 kwa majina kabla ya kutafuta silinda, aongeze nguvu farasi kwa ajili ya mwinuko, na aazime injini kutoka kwenye kazi nyingine. Asiyefikisha mita hizo aendelee na shoka, au aungane na wenzake wawili watatu wenye magogo.