Malori ya Zamani: Ufufuaji, Marekebisho na Usalama Wake

Barabara Kuu ya Morogoro, inayopita Kibaha, ina historia ndefu ya malori. Mwezi Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru, Zambia ilijikuta ikiitegemea Dar es Salaam kwa mafuta yake. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, kwa ubia wa serikali za nchi hizo mbili na wawekezaji wa Italia, na malori ya Fiat yakaanza kuikabili njia ya vumbi na matope ambayo madereva wa kigeni waliifananisha na jehanamu. Baadaye Kibaha ikapata kiwanda chake, TAMCO, kilichounganisha malori na mabasi ya Scania kutoka Sweden. Si ajabu, basi, kwamba ufundi wa magari makubwa una mizizi katika mji huu, na kwamba wapo wanaoyapenda malori ya zamani kwa ajili ya malori yenyewe, hata pale faida inapokuwa ndogo.

Lori lililotengenezwa miaka ya 1970, kama vile Scania 111, lina sifa moja inayowavuta mafundi: halina kompyuta. Injini yake ya lita 11, yenye silinda sita kwa mstari, hulishwa dizeli na pampu ya kimakanika. Fundi mwenye sikio zuri hutambua nozeli mbovu kwa mlio na kwa rangi ya moshi, akaifungua na kuirekebisha bila kifaa cha kielektroniki. Anayefufua lori la namna hii huanza na injini, kisha gia boksi na difu, na mwisho kabini na rangi. Mpangilio huo unafurahisha macho, lakini una kasoro: breki na chasisi, ambazo ndizo zinazookoa maisha, mara nyingi husubiri hadi fedha zimekwisha.

Breki za lori kubwa hutumia upepo. Kompresa inayoendeshwa na injini hujaza matangi, na dereva anapokanyaga pedeli upepo huo husukuma chemba za breki kwenye magurudumu. Malori mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yalikuwa na mkondo mmoja tu wa upepo. Bomba moja likipasuka, breki za miguu hupotea zote. Malori ya baadaye yana mikondo miwili, pamoja na springi nzito zinazofunga magurudumu ya nyuma pindi upepo unapopungua mno. Kwa anayefufua lori kongwe, kuongeza mkondo wa pili na springi hizo ni marekebisho yenye thamani kuliko taa za mapambo na honi za mlio mkali. Matangi nayo yafunguliwe kila siku ili kutoa maji, kwa kuwa maji hula chuma kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Chasisi inahitaji uangalifu wa aina yake. Mihimili yake ni ya chuma imara, na kuchomelea ovyo hukidhoofisha. Ufa huanzia kwenye kingo za juu na za chini, ambako mkazo ni mkubwa. Huko pasitobolewe wala kuchomelewa. Kiraka kifungwe kwa boliti kwenye ubavu wa mhimili. Kurefusha chasisi kwa kukata na kuunga ni kazi ya karakana yenye vipimo na mtaalamu, wala haifai kufanyiwa majaribio uani.

Wapo wanaoongeza majani ya springi wakidhani wamepata ruhusa ya kubeba zaidi. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayotumika nchini tangu Machi 2019, hupima ekseli: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Mizani ya Vigwaza haiulizi springi zina majani mangapi.

Mmiliki aliyebadilisha injini, rangi au umbo la bodi anapaswa kuitaarifu Mamlaka ya Mapato Tanzania ili kadi ya gari ilingane na gari lenyewe. Kabla ya kurejea barabarani, lori likaguliwe na mkaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi, nalo liwe na bima. Lori ambalo kadi yake haifanani nalo linaweza kumletea mmiliki usumbufu mkubwa siku ya ajali, hata kama hakuwa na kosa.

Kwa majirani, suala zito zaidi ni vumbi. Lainingi za breki na klachi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa husababisha saratani na magonjwa ya mapafu yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Ngoma ya breki isipulizwe kwa upepo wa kompresa. Ilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali. Oili chakavu isimwagwe chini wala mtaroni, kwani hupenya ardhini hadi kwenye visima. Ihifadhiwe katika pipa lenye mfuniko na kukabidhiwa kwa mkusanyaji aliyesajiliwa.

Anayeifanya shughuli hii kwa malipo anahitaji leseni ya biashara, ambayo maombi yake hupitia mfumo wa TAUSI. Vikundi vya vijana wenye ujuzi wa ufundi magari vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Maelezo ya taratibu hizo, pamoja na malalamiko kuhusu moshi, kelele au oili inayomwagwa mitaani, yapelekwe Ofisi ya Mtendaji wa Kata.