Dhima ya Mfanya Biashara ya Chakula

Nilipokwenda Birmingham kusomea biashara ya vyakula nilidhani, kama wadhanivyo wengi, kwamba dhima ya kampuni kwa jamii ni ile hisani itolewayo baada ya hesabu za mwaka kufungwa na faida kujulikana: madawati kwa skuli, kisima kwa kijiji, na picha ya meneja akimkabidhi mwalimu mkuu hundi ya karatasi yenye upana wa mlango. Nilikuwa nimekua nikiyaona hayo kwetu Tanga, nami sikuyadharau, wala siyadharau leo, maana mtoto aliyeketi juu ya dawati hasomi sawa na aliyeketi sakafuni. Lakini fahamu yangu ilikuja kupinduka, na kilichoanza kuipindua kilikuwa safari fupi ya treni, yapata robo saa, kutoka katikati ya mji hadi Bournville.

Kituo cha reli cha Bournville kimepakwa rangi ya zambarau, rangi ya chokoleti za Cadbury, na upepo ukielekea upande wako harufu ya kakao hukupokea kabla hujatoka nje. Huko ndiko walikohamishia kiwanda chao mwaka 1879 ndugu wawili, Richard na George Cadbury, watu wa dhehebu la Marafiki, lile lililofika Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902 na ambalo leo lina wafuasi wengi huko; wakaacha moshi na msongamano wa mjini, wakajenga mashambani. Mwaka 1893 George alinunua eka 120 karibu na kiwanda, akaanza kujenga nyumba zenye mwangaza na bustani, na nyuma ya nyumba ikapandwa miti ya matunda. Kisha mwaka 1900, zilipokuwa zimekwisha jengwa nyumba zaidi ya 300, akauweka mtaa wote chini ya wadhamini ili usiwe urithi wa jamaa zake. Nilitembea katika vichochoro vile siku nzima, na jioni niliporudi chumbani nilikuwa na yakini kwamba nimeiona dhima ya mfanya biashara kwa macho yangu.

Mwalimu wetu hakunipinga. Alinipa tu majalada ya kisa cha São Tomé, akaniambia niyasome mpaka mwisho.

Mwaka 1901, wakati matofali ya Bournville yangali mapya, William Cadbury, mwana wa Richard na mmoja wa wakurugenzi, alipata habari kwamba katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, milki ya Wareno katika Ghuba ya Guinea, kakao ambayo kampuni yake ilikuwa ikiinunua kwa wingi ilivunwa na watu waliotekwa Angola wakavushwa bahari. Mwaka ule ule ilimfikia orodha ya mali ya shamba moja lililokuwa likiuzwa huko, na katika orodha ile, pamoja na mali nyingine, wameandikwa wafanya kazi weusi na thamani yao kwa fedha. Kwa sheria ya Kireno watu wale walikuwa vibarua wa mkataba wa miaka 5, tena mkataba wenye muhuri. Kwa hakika ilikuwa nadra mno hata mmoja wao kurudi kwao. Msomaji wa pwani yetu hana haja ya kuelezwa utumwa ni nini, wala jinsi karatasi iwezavyo kuupa jina jingine.

Basi kampuni ilifanya nini? Ilifanya mambo mengi ya heshima. Ilizungumza na serikali ya Kiingereza na wenye mashamba wa Kireno, na mwaka 1905 ilimtuma mjumbe, Joseph Burtt, ambaye kwanza alijifunza Kireno, kisha akavikagua visiwa na bara ya Angola, akarejea na taarifa yake mwaka 1907. Muda huo mwandishi wa habari Henry Nevinson alikuwa amekwisha kuikanyaga ile njia ya watumwa kwa miguu yake, na mwaka 1906 akatoa kitabu kuhusu aliyoyaona. Lakini kakao iliendelea kununuliwa, kwa hoja kwamba anayeacha kununua hupoteza na sauti ya kushauri, na hoja hiyo ikadumu hadi Machi 1909, ndipo ununuzi ukakatwa na jicho likageuziwa kakao ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Miaka 8 ilikuwa imepita. Kabla ya hapo, gazeti la Standard lilipoandika kwamba wema wa Bournville na ununuzi wa São Tomé haviambatani, kampuni ililishitaki kwa kuvunjiwa heshima. Kesi ikasikilizwa papo hapo Birmingham mwishoni mwa 1909, wazee wa baraza wakaipa kampuni ushindi, na fidia wakaikadiria kuwa robo ya peni, sarafu iliyokuwa ndogo kuliko zote katika Uingereza.

Simwiti William Cadbury mnafiki, kwani walanguzi wengi wa zama zake hawakutuma mtu hata kwenda kutazama. Ninaloliona ni kwamba miti ya matunda ya Bournville na watu wa Angola walikuwa katika daftari moja, kurasa mbili tofauti, ukurasa wa faida inavyotumiwa na ukurasa wa bidhaa inavyonunuliwa, na kwa miaka 8 kurasa hizo hazikusomwa pamoja kwa uzito ule ule.

Usiku nilipokuwa nikiyasoma hayo alinijia marehemu babu yangu, aliyekuwa na duka la nafaka Ngamiani. Zama zake nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na kibaba kilikuwa cha namna mbili: cha mfuto, ambacho juu yake hupitishwa kijiti kikawa sawasawa, na cha tele, ambacho hujazwa mpaka nafaka ikafanya kichuguu. Walikuwako wafanya biashara walionunua kwa watu wa shamba kwa kibaba cha tele, wakawauzia watu wa mjini kwa kibaba cha mfuto, na siku ya Ijumaa wakatoa sadaka mbele ya msikiti. Babu alinunua kwa mfuto na akauza kwa mfuto, kwa kijiti kile kile kimoja cha mpingo kilichoning'inia msumarini mlangoni pa duka. Sadaka ya wale wengine ilitoka katika kichuguu.

Wanazuoni wa elimu ya dhima ya kampuni humtaja Howard Bowen, Mmarekani aliyeiandikia kitabu mwaka 1953, na Archie Carroll, ambaye mwaka 1991 aliipanga dhima ya kampuni kwa mfano wa piramidi: chini kabisa kupata faida, juu yake kutii sheria, kisha kutenda insafu, na kileleni kutoa kwa hisani. Mpango huo hufundishwa kote duniani, nao una faida yake. Hofu yangu ni kwamba kilele ndicho kionekanacho kwa mbali, na kampuni nyingi hupenda kuanza ujenzi huko.

Katika biashara ya chakula, ngazi ya insafu hukaa katika bei na mkataba. Katika duka moja la Birmingham nilikuta pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro yenye alama ya Fairtrade, nikasimama nayo mkononi kitambo, kwani kwa mara ya kwanza nilikuwa nikisoma jina la nyumbani upande wa mnunuzi. Alama za namna hii zilianzia Uholanzi mwaka 1988 kwa jina la Max Havelaar, zikafika madukani Uingereza mwaka 1994; na chama cha KNCU cha Moshi, kilichoasisiwa mwaka 1933, kimo miongoni mwa vyama vya ushirika vilivyoingia humo. Utaratibu wake ni huu: soko likianguka, mnunuzi halipi chini ya kima kilichowekwa, ambacho kwa kahawa ya arabika iliyooshwa kiliwekwa kuwa dola 1.80 kwa ratili Agosti 2023. Soko likipanda juu ya kima hicho, hulipa bei ya soko. Na katika hali zote mbili huongeza senti 20 kwa ratili, fedha ambayo wanachama wenyewe huamua mkutanoni itumike vipi. Msomaji azingatie kwamba bei hiyo hulipwa kwa chama, kahawa ikiwa bandarini. Gharama za kukoboa, usafiri na uendeshaji hutolewa kwanza, kisha mkulima ndipo apate chake.

Tena alama ni hiari, na cha hiari huachwa. KitKat ya Uingereza ilivaa alama hiyo mwaka 2010, ikaivua mwaka 2020 na kufuata utaratibu mwingine. Kwa sababu hiyo naona serikali ya Uingereza ilifanya vema kuleta sheria: tangu 2013 yuko msimamizi maalumu wa kuangalia jinsi maduka makubwa kabisa yanavyowatendea wanaoyauzia bidhaa, na sheria ya mwaka 2015 inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 na zaidi kueleza kila mwaka zimefanya nini kuzuia utumwa katika njia za ununuzi wao.

Niliporejea, wakulima wa pilipili manga wa upande wa Muheza waliniomba niwasomee mkataba ulioletwa na mnunuzi mmoja. Ukurasa wa kwanza ulizungumza juu ya ujenzi wa darasa na mchango wa dawa za zahanati, nao ulipokelewa kwa furaha. Kwenye ukurasa wa nne, katika mstari wa herufi ndogo, ilikuwa imeandikwa kwamba malipo yatafanyika ndani ya siku 90 tangu mzigo upokelewe. Nilipousoma mstari ule kwa sauti mzee mmoja aliweka kofia yake juu ya goti, akauliza, “Mwanangu, hizo 90, na deni la mbolea dukani nalo litangoja?”

Tukaifuta 90 kwa kalamu, tukaandika 14, karatasi tukairudisha. Jawabu lilichukua wiki tatu kufika. Lilikuja na siku 30, na darasa likiwa limebaki pale pale ukurasa wa kwanza. Wazee wakashauriana chini ya mwembe mpaka alasiri, kisha wakatia sahihi.